Mwili unapodai tramadol: hesabu ya kumpelekea daktari

Tramadol, dawa ya maumivu ya kapsuli za miligramu 50, huandikwa ya siku chache baada ya upasuaji au ajali ya bodaboda, kisha siku zinageuka miezi. Ukikosa dozi, inaanza miayo mfululizo, kamasi bila mafua, jasho, tumbo la kuendesha, na miguu isiyotulia kitandani. Vijiweni huitwa arosto. Neno hilo linanuka heroini, ndiyo maana mtu aliyemeza dawa kama alivyoandikiwa huona aibu kulitaja mbele ya daktari. Aibu ya bure: mwili kuzoea dawa, peke yake, si uraibu.

Tramadol ina ujanja wake. Inashika vipokezi vilevile vya morfini, na papo hapo inaongeza serotonini na noradrenalini, kemikali za ubongo, kama zifanyavyo baadhi ya dawa za sonona. Kwa hiyo wanaoiacha ghafla, wachache wao hupata hofu kali, vidole kuchomachoma, hata kuona visivyokuwepo. Daktari asipojua kuna tramadol, atatafuta ugonjwa wa akili.

Kabla ya kuongeza kapsuli, tazama saa: ni maumivu yenyewe, au dozi iliyopita imeisha? Maumivu ya mgongo, kwa mfano, yana mahali pake na mara nyingi huzidi ukiinama. Ya dawa kuisha husambaa mwili mzima, huja na miayo, na hupungua muda mfupi baada ya kumeza.

Andika siku saba, hivi: "Jumanne. Saa 1 asubuhi, kapsuli 2. Mchana sikuwa nayo. Saa 1 jioni jasho, miayo, miguu. Saa 3 usiku, 3 kwa pamoja." Hizo tatu za pamoja ndizo watu huzificha, na ndizo daktari anazihitaji. Beba maboksi yote, hata ya duka la dawa yasiyo na cheti. Taja pombe na diazepam (dawa ya kutuliza wasiwasi), maana pamoja na tramadol hudidimiza pumzi. Taja amitriptilini, dawa ya sonona, pia: inaongeza hatari ya degedege, kama inavyoongezeka ukivuka miligramu 400 kwa siku.

Sasa hesabu yenyewe ya kupunguza. Kutoka miligramu 300 kwa siku kwenda 250 umepunguza sehemu moja ya sita. Kutoka 100 kwenda 50 umekata nusu nzima! Kapsuli ni ileile moja, ila mwishoni inauma zaidi, na hapo ndipo wengi hurudi nyuma wakidhani wao ni dhaifu. Omba hatua za chini ziwe ndefu kuliko za juu, au uulizie tramadol ya matone, ambayo hupimika kidogo kidogo. Kwa aliyetumia mwaka au zaidi, mwongozo wa 2022 wa CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, unataja kupunguza asilimia 10 kwa mwezi, au taratibu zaidi. Vidonge vya kutoa dawa polepole usivikate wala kuvisaga, vitamwaga dozi yote kwa mkupuo.

Ukiambiwa "acha tu", uliza: "Kwa ratiba ipi, daktari, na nikipata arosto nifanye nini?" Mjamzito asipunguze mwenyewe kabisa.

Ukishafika miligramu 100 kwa siku, ile 300 ya zamani mwili umeisahau. Kuirudia siku ya maumivu makali kunaweza kuzima pumzi. Kapsuli zilizobaki kabatini mrudishie mfamasia.