Pesa ya Barghash iliyooga ndimu

Leo Mji wa Kale nimeonyeshwa pesa, sarafu ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ya 1299 Hijria (1882), ile yenye picha ya mizani. Inang'aa hiyo! "Mwanangu, kama imetengenezwa jana," mzee mwenye nayo akaniambia. Hapo ndipo niliposhtuka. Shaba iliyopita mikononi mwa watu hugeuka kahawia. Hii ilikuwa nyekundu-nyekundu kama sufuria iliyosuguliwa kwa ukwaju. Nikaiinamisha chini ya tochi ya simu: mikwaruzo myembamba yote imeelekea upande mmoja, na weusi umebaki pembeni mwa herufi, kitambaa kisipofika.

"Mzee wangu, hii imeogeshwa."

Akacheka. "Ndimu kidogo tu!"

Nikamrudishia; kwetu wakusanyaji, sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani. Nyumbani ninayo moja kama hiyo tayari, na bei yake msiniulize.