Nilivyomaliza mkopo wa nyumba mapema, na presha ikashuka hukohuko

Watu wakisikia nimemaliza mkopo wa nyumba miaka mitano na ushei kabla ya muda, wanachotaka kujua kwanza ni nilivyojinyima. Wanasubiri hadithi ya mateso: nilikula mlo mmoja, sikununua hata soksi, watoto walilia. Hadithi hiyo sina. Katika kipindi hichohicho niliacha sigara, presha ikashuka, suruali zikaanza kunipwaya na usingizi ukarudi. Wala msinipe sifa ya nidhamu, muulizeni mke wangu. Nilichokuwa nacho ni karatasi, kalamu nyekundu na hasira juu ya ushauri niliokuwa napewa.

Ushauri wa kwanza ulitoka kwa shemeji yangu, mtu wa hesabu kwelikweli. "Shemeji, mkopo ni wa miaka ishirini, kwani unakimbizwa na nani? Lipa polepole, ishi maisha." Wa pili ulitoka kwa jamaa wa kazini: kata kila kitu kwa mpigo, sigara, soda, teksi, kula nje, lala mapema, amka alfajiri ukimbie, na yote yaanze Jumatatu. Jumatatu niliiweza. Jumanne nayo, kwa shida. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimenuniana na nyumba nzima, na jioni nikanunua pakiti mbili, moja ya kuvuta na moja ya kujifariji. Sikutaka tena kusikia neno "Jumatatu".

Kilichonigeuza ni jedwali la marejesho, zile kurasa za tarakimu ndogondogo zinazoambatanishwa nyuma ya mkataba. Wengi huzisaini bila kuzitazama. Chukua mkopo wa milioni moja, ya fedha yoyote uitakayo, riba asilimia 12 kwa mwaka inayokokotolewa juu ya salio, yaani deni lililobaki, muda miaka 20. Rejesho la kila mwezi ni kama 11,011. Mwezi wa kwanza, katika hizo, 10,000 ni riba tupu, na kinachopunguza deni ni 1,011 tu. Mwezi wa pili riba ni 9,990 na deni linapungua kwa 1,021. Lipa hivyo miaka kumi bila kuchelewa hata siku moja, na bado unadaiwa kama 767,000. Nusu ya muda imekwisha na hujapunguza hata robo ya deni! Benki haijakuibia chochote. Riba inahesabiwa juu ya salio, na mwanzoni salio ni kubwa, basi. Lakini usiku ule niliposhuka na kidole mstari kwa mstari sikulala.

Nikaanza kutuma pesa za ziada kila mwezi. Na hapa ndipo nilipokutana na kituko ambacho mpaka leo nikikisimulia sauti inapanda.

Nilituma ziada kwa miezi kadhaa, kimyakimya, najiona mjanja. Kisha nikaomba taarifa ya mkopo ili nifurahie. Salio lilikuwa lilelile la kwenye jedwali, mpaka tarakimu ya mwisho, kana kwamba sijatoa chochote cha ziada. Nikaenda benki. Kijana wa kaunta akatazama kompyuta, akatabasamu. "Mzee, wewe huna wasiwasi, umeshalipia mpaka marejesho ya mbele." Nikamuuliza: ya mbele, pamoja na riba yake? "Ndiyo mzee, rejesho zima." Yaani pesa niliyotuma iue deni ilikuwa imekaa mahali ikisubiri miezi ijayo ifike, ili ilipe riba ya miezi hiyo. Deni halikupungua, riba iliendelea kuhesabiwa juu ya salio kubwa, na pesa yangu ikawa imelala kwao bila kunizalia hata senti. Nilivuta pumzi. Nikamwomba aniitie mkubwa wake. Mkubwa akaja na maelezo marefu kwamba mfumo ndivyo ulivyopangwa, kwamba wateja wengi wanapenda hivyo. Nikamwambia kwa adabu, mimi si wateja wengi.

Niliondoka pale na nakala ya barua yangu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ilisema mambo matatu tu: malipo yote ya ziada yapunguze deni la msingi, yaani ile pesa niliyokopa bila riba, siku yanapopokelewa, rejesho la mwezi libaki vilevile, muda wa mkopo ndio ufupishwe. Hilo la tatu usilisahau, maana baadhi ya benki zikipokea ziada hukupunguzia rejesho badala ya muda, nawe unafurahi kulipa kidogo zaidi kila mwezi huku mwaka wa mwisho uko palepale. Ziada iliyokwama ikahamishiwa kwenye deni. Baada ya hapo kila nikilipa niliandika "kupunguza deni la msingi" kwenye maelezo ya malipo na kuomba taarifa kila robo mwaka. Soma pia kipengele cha kulipa mapema kabla hujatuma hata shilingi. Mikataba mingine ina faini, mingine inaruhusu kiasi fulani kwa mwaka bila faini, mingine haijali. Wangu ulitoza faini kwa anayefunga mkopo wote katika miaka ya mwanzo, wa kupunguza kidogo kidogo hakuguswa.

Sasa ule ujanja wenyewe, ambao naona nastahili kuringia. Nilibandika jedwali lote ndani ya mlango wa kabati la nguo. Kila mwezi una mstari wake. Tazama tena ile miwili ya kwanza: ukilipa rejesho la mwezi wa kwanza na juu yake ukaongeza 1,021, ambayo ni sehemu ya deni ya mwezi wa pili, salio lako linakuwa la mtu aliyekwisha kulipa mwezi wa pili. Mstari wote unakufa. Ile riba ya 9,990 iliyokuwa inakusubiri haitadaiwa tena. Kwa hiyo kwa kiasi kisichofika hata sehemu ya kumi ya rejesho unafuta mwezi mzima wa maisha yako ya kudaiwa. Nilipoielewa hiyo nilimwita mke wangu kutoka chumba cha pili. Akatazama, akasema, "Haya baba, futa basi."

Na sehemu ya kumi ya rejesho nilikuwa nayo. Nilikuwa naivuta. Sigara na teksi za jioni, ukizijumlisha kwa haki bila kujidanganya, zilikaribia sana bei ya mstari mmoja kwa mwezi, na zikiongezwa soda na vyakula vya kununua kazini zinapita.

Kuamua kuhamisha pesa hizo mwisho wa mwezi hakusaidii. Mwisho wa mwezi hazipo, zimekwenda zinakojua zenyewe. Nilifungua akaunti ndogo pembeni, na kila hamu ya sigara iliponijia nilitoa simu, nikahamisha bei ya pakiti papo hapo. Hamu ya sigara huja kwa kishindo lakini kwa kawaida hupita baada ya dakika chache. Kufungua simu, kuingiza nywila, kukosea nywila, kuingiza tena, kuandika kiasi, kuthibitisha, kusubiri ujumbe: ukimaliza, ile hamu imeshapoa nusu na pesa ya kununulia imekwenda. Vidole navyo vilipata kazi. Mwisho wa mwezi akaunti ndogo inamwagwa kwenye mkopo, na mimi na kalamu yangu nyekundu tunaelekea kabatini. Siwezi kueleza utamu wa kupiga ule mstari. Kuna miezi nilifuta miwili.

Kwa upande wa sigara mwili hulipa haraka kuliko benki. Ndani ya dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo huanza kushuka, kwa saa 12 hewa ya monoksidi ya kaboni kwenye damu hurudi kiwango cha kawaida, na baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inakuwa kama nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Nilisoma hayo nikiwa na kikohozi kibaya cha wiki za mwanzo, kwa hiyo sikuyaamini sana wakati huo.

Teksi niliibadilisha na miguu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa kasi kunahesabiwa. Kwenda kazini kwa usafiri wa kawaida, kushuka kabla ya kituo changu na kumalizia kwa miguu, asubuhi na jioni, kulinifikisha hapo bila kununua hata kiatu maalumu. Siku za mvua nilipanda teksi kama bwana, na sikuona haya.

Maana jamaa yule wa kazini alikuwa na wimbo mwingine: vumilia siku 21 tu, tabia inajijenga. Nilimtafutia chanzo chake kwa hasira. Namba hiyo hufuatiliwa mpaka kwa daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, aliyeona wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 kuzoea sura mpya. Angalau! Na sura ya kioo, si sigara. Utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia watu 96, na wastani wa kufikia hatua ya kufanya jambo bila kujilazimisha ulikuwa siku 66, wengine 18, wengine wakikadiriwa mpaka 254. Mimi naamini niko upande wa 254. Utafiti huohuo uliona kuruka siku moja hakuharibu safari, na hilo tu ndilo lililonirudisha kabatini kila nilipoteleza.

Presha niligundua nayo kwa bahati, wakati wa vipimo vya bima ya maisha iliyoambatana na mkopo. Ilikuwa juu ya 140 kwa 90. Daktari hakunipa vidonge mara moja. Aliniambia nipunguze chumvi, nitembee, niache sigara, nirudi. Chumvi inayoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye vyakula vya kununua. Kubeba chakula cha nyumbani kuliua ndege wawili. Ukijipima nyumbani, kaa kimya dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, mkono umepumzika usawa wa moyo, na usipime ukitoka kunywa kahawa au kuvuta. Mimi nilikuwa napima baada ya kusoma taarifa za benki, nashangaa namba. Kama daktari wako amekupa dawa, usiziache kwa sababu umenisoma mimi.

Turudi kwenye pesa, maana shemeji hakukata tamaa. Alisema hiyo ziada ningeiwekeza. Kwa mkopo wa riba ya asilimia 3 ningemsikiliza, pengine ningemfuata. Kwa 12 anionyeshe uwekezaji unaolipa zaidi ya hapo, baada ya kodi, bila kunitoa jasho usiku. Alinionyesha mmoja. Sitausema.

Lakini kuna jambo shemeji alikuwa sahihi, nami ninalirudia kwa kila anayeniuliza. Ukilipa ziada miaka mitano halafu ukapoteza kazi, benki haitakuambia pumzika, umetuzidishia. Rejesho la mwezi ujao linadaiwa vilevile. Kwa hiyo kwanza niliweka akiba ya kutosha miezi kadhaa ya marejesho na chakula, na nikamaliza mikopo midogomidogo ya simu, ambayo riba yake inaichekesha ile ya nyumba. Ndipo nikashika kalamu nyekundu.

Na uharakishe mwanzoni. Kwenye ule mfano wa milioni moja, mstari unaogharimu 1,021 mwaka wa kwanza unagharimu kama 3,300 ukifika mwaka wa kumi, na riba unayoikwepa inakuwa ndogo. Miaka yangu ya mwisho nilifuta mistari michache kwa pesa nyingi, na ilichosha. Ukiweza kuongeza asilimia 10 juu ya rejesho tangu mwezi wa kwanza na usiguse tena, mkopo wa miaka 20 unakwisha katika miaka 14 na miezi kama minane, na riba unayookoa inazidi nusu ya kiasi ulichokopa. Fanya hesabu mwenyewe, usiniamini.

Siku ya kufunga usilipe salio lililo kwenye taarifa. Omba kwa maandishi kiasi cha kufungia mkopo kwa tarehe maalumu, kwa sababu riba inahesabiwa kila siku, na tofauti ndogo ikibaki itazaa. Kisha omba barua ya kumaliza deni, hati miliki, na nyaraka za kuondoa rehani kwenye daftari la ardhi. Benki kukurudishia karatasi si sawa na jina lake kufutwa kule. Sitisha agizo la malipo la kila mwezi, la sivyo litakata tena, na kurudishiwa ni safari. Bima ya moto usiifute, badilisha tu jina la mnufaika, kwani mpaka hapo nyumba ikiungua wa kwanza kulipwa ni benki. Yangu ilichukua barua mbili na kelele kidogo.