Kabla hujavuka Kasumulu na fimbo ya kuvulia

Kila ifikapo Novemba napata ujumbe wa aina moja. "Dada, tunakuja Krismasi, tunataka kwenda kuvua upande wa Zambia, tupangie." Au upande wa Malawi. Baadhi yao ni Watanzania wenzetu wa Dar na Arusha, baadhi ni wageni kutoka Ulaya ambao wameshapanda Ngosi, wameshaogelea Matema, na sasa wanatafuta kingine. Naongoza watalii kutoka hapa Mbeya, na kuvua kwa mshipi nilifundishwa na babu yangu kwenye Mto Kiwira kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo maswali haya yananihusu mara mbili, na leo nayajibu yote kwa pamoja.

La kwanza lieleweke vizuri. Ruhusa ya kuingia nchi ya watu na ruhusa ya kuvua samaki wao ni vitu viwili, na vinatolewa na watu wawili tofauti. Sisi Watanzania tukivuka Kasumulu kwenda Malawi, au Tunduma kwenda Zambia, hatuhitaji viza. Unagongewa muhuri unapita. Urahisi huo ndio unaowaponza wengi. Mtu ameshavuka, fimbo iko juu ya gari, maji yanaonekana, anaona hakuna kilichobaki. Kumbe Uhamiaji wamemaliza habari zako wewe tu. Habari za samaki ziko Idara ya Uvuvi, na kama maji yenyewe yako ndani ya hifadhi, kuna mwenye hifadhi naye anasubiri chake.

Nianze na Zambia, maana ndiko ninakoulizwa zaidi na ndiko watu wanakopoteza hela.

Zambia hufunga uvuvi kila mwaka kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari. Machi mosi maji yanafunguliwa. Sababu ni mvua: huo ndio wakati samaki wengi wanapanda kwenye mito na mabonde yaliyofurika kutaga. Katazo hilo linagusa Zambezi, Kafue, Bangweulu, Luapula, na halibagui wavu na fimbo. Ziwa Kariba na Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi havikuwa ndani ya katazo la Desemba, lakini Tanganyika nalo sasa lina mapumziko yake. Nchi nne zinazolizunguka zilikubaliana kulipumzisha, na upande wetu wa Tanzania uvuvi ulisitishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024. Kwa hiyo usiulize tu "Zambia imefungwa lini?" Uliza maji gani, mwezi gani, na uulize upya mwaka huu hata kama mwaka jana ulikwenda.

Sasa angalia kalenda ya mtu wa Dar. Likizo ya watoto ni Desemba. Likizo ya ofisi ni Desemba. Hela ya kusafiri inapatikana Desemba. Tigafishi wa Zambezi, yule samaki wa meno ambaye watu wanavuka bahari kumfuata, Desemba haguswi.

Kuna familia moja ilinijia ikiwa imeshalipa kianzio kwenye kambi ya uvuvi huko. Kambi siitaji. Baba alinionyesha ujumbe kwenye simu: kila kitu kimo, malazi, boti, vibali. Nikawapigia kambini kuuliza kibali cha Desemba kinatolewa na ofisi gani. Jibu nililopewa ni kwamba nisiwe na wasiwasi, wao na maofisa wanafahamiana. Nikamrudia yule baba nikamwambia, kaka, hapo sipeleki mtu.

Hakufurahi. "Dada yangu, sisi si wafanyabiashara. Ni mimi na kijana wangu na fimbo mbili. Samaki watatu wanne tu, tunapiga picha, basi."

Nilimjibu hivi, na ndivyo ninavyoamini mpaka leo. Kando ya mto ule kuna mvuvi ambaye nyavu zake zimetundikwa ndani kwa miezi mitatu. Watoto wake wanakula mboga za majani na dagaa wa kununua, na ada ya shule ya Januari inamkodolea macho. Amekubali kwa sababu ameambiwa samaki wanazaa. Halafu anaona boti inapita, mgeni ana kofia na fimbo ya bei kubwa, anavuta jike lenye mayai. Siku hiyo katazo limekufa moyoni mwake. Kesho usiku atashusha wavu, na mimi sitakuwa na uso wa kumlaumu.

Yule baba alinyamaza, akaenda kumwita mkewe wakashauriana. Hawakwenda. Kambi iliwarudishia sehemu ya kianzio tu, na nusu nyingine mpaka leo ni hadithi. Linaniudhi sana, maana wanaouza safari hizi wanaijua tarehe kuliko mteja. Hivyo kabla hujatuma hata shilingi, omba waandike kwenye ujumbe jina la maji utakayovua na jina la ofisi itakayotoa kibali. Anayekuuzia kitu halali ataandika ndani ya dakika tano.

Kibali chenyewe kinafananaje? Nilichokuwa nacho mara ya mwisho Nsumbu, kule kusini mwa Ziwa Tanganyika upande wa Zambia, kilikuwa karatasi moja niliyoifungia kwenye mfuko wa nailoni wa mkate ili isilowe. Askari wa doria walitusimamisha asubuhi, boti yao ikagusana na yetu. Mmoja aliomba karatasi na pasipoti, akaviweka gotini, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye namba za pasipoti, tarakimu moja moja, huku midomo ikisoma bila sauti. Kisha akaangalia tarehe. Kisha akaangalia fimbo. Alipomaliza akaniuliza kama tumeona samaki aitwaye kuhe, nikamwambia mmoja, akacheka akasema jaribuni karibu na miamba. Tulisalimiana vizuri tukaachana. Kule ndani ya Hifadhi ya Nsumbu ujue una malipo mawili: ya hifadhi na ya kuvua. Risiti ya moja haibebi ya pili.

Cha kuzingatia ni jina. Kibali kikiwa na jina la mwenye boti, kinamlinda mwenye boti. Kama jina lako halimo, mbele ya askari wewe huna kibali.

Malawi ninaipenda kwa sababu nyingine kabisa. Ukitoka Kasumulu ukapita Karonga, ukapanda Chiweta, ukaingia Rumphi na kuendelea hadi lango la Thazima, unafika Nyika. Uko juu ya mita 2,000, nyasi zinayumba kwa upepo, baridi inauma masikio, utadhani uko Kitulo. Kwenye vijito na mabwawa ya karibu na Chelinda kuna trauti, samaki wa maji baridi walioletwa enzi za Waingereza kama wale walioletwa huku kwetu nyanda za juu. Trauti huvuliwa kwa vinzi vya manyoya vinavyofungwa kwenye ndoano, na kibali unakichukua ndani ya hifadhi hiyohiyo. Hapo mambo ni mepesi, kwa sababu mwenye maji yuko mmoja.

Ukishuka ziwani, Nyasa kwetu, Ziwa Malawi kwao, ndipo uangalifu unapohitajika. Cape Maclear, upande wa kusini, kuna Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1984. Hifadhi hiyo inachukua pia ukanda wa maji wa mita 100 kutoka ufukwe wa visiwa vyake na sehemu za rasi, na ndani ya ukanda huo hakuna kuvua. Kwa mgeni, mita 100 za mwanzo ndizo zinazovutia, maji ni meupe, mbuna, samaki wadogo wa miambani, wa buluu na wa njano, wanaonekana kwa macho. Hao ni wa kutazama.

Halafu kuna suala la mpaka wenyewe, ambalo wageni huwa hawalijui na sisi watu wa Kyela na Rungwe tumezaliwa tukalikuta. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1, 1890 ndio chanzo. Malawi inausoma kwamba mpaka unafuata ufukwe wa upande wetu. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya ziwa. Wazee wetu kina Joaquim Chissano, rais mstaafu wa Msumbiji, wamekaa kusuluhisha, na wavuvi wa pande zote wanaendelea kusalimiana majini. Lakini mtalii mwenye fimbo hana sababu ya kwenda kuujaribu mstari huo. Wageni wangu wakiwa Matema, tunachukua boti iliyosajiliwa huku, tunavua karibu na ufukwe wa huku, tunarudi huku. Wanaotaka kuvua Karonga wanapita darajani Songwe, wanagongewa muhuri, wanapanda boti ya Karonga. Kuna vijana watakwambia wanakuvusha kwa boti moja kwa moja, nusu saa tu. Usikubali. Ukifika ng'ambo utakuwa mtu ambaye hajaingia nchini, ana ndoano mkononi, na hakuna karatasi itakayokutetea.

Kuna kijana wetu wa Rungwe anayesoma Norway aliniuliza kama huko nako ni hivi. Huko baharini mgeni anavua kwa mshipi bila leseni, ila haruhusiwi kuuza alichovua. Mtoni kwenye samoni mambo ni mengine: kuanzia miaka 18 unalipa ada ya serikali, kisha unanunua kadi ya mwenye kipande hicho cha mto. Na kwenye mito mingi lazima fimbo, buti na wavu wako viuliwe vijidudu kabla hujaingia majini, kwa sababu ya kimelea kiitwacho Gyrodactylus salaris ambacho kimeangamiza samoni wa mito mingi huko tangu miaka ya 1970. Alishangaa. Mimi sikushangaa. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi za furu tumezipoteza. Nyasa ina mamia ya aina za samaki wasiopatikana popote pengine duniani. Ndiyo maana sibebi chambo hai kutoka maji haya kwenda maji yale, na gari langu halibebi ndoo ya mtu aliyebeba, hata awe mteja mzuri namna gani.

Nina mgeni mmoja, mzee Mwingereza, ambaye aliponiona nimejiandaa kumweleza habari za leseni alitoa pochi yake akanionyesha ya kwao. Kwao England mtu yeyote wa kuanzia miaka 13 anayevua kwa fimbo kwenye mito na mabwawa lazima awe na leseni, na juu ya hiyo aombe ruhusa ya mwenye maji. Mito yao mingi hufungwa kwa samaki wa kawaida kuanzia Machi 15 hadi Juni 15. Ukivuka Scotland hakuna leseni ya fimbo, lakini ukivua samoni Jumapili umevunja sheria. Aliyazungumza bila kulalamika hata kidogo. Watu wa namna hii ukiwaambia wasubiri Machi, wanasubiri.

Hapo ndipo ninapotaka kusema na wa kwetu. Sheria yetu ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009 zinamtaka mgeni awe na leseni kabla ya kuvua, na ni haki kabisa. Lakini yule mzee alikaa nje ya ofisi moja ya wilaya, siitaji ni ipi, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jua limegeuka, akisubiri afisa aliyekuwa na kitabu cha stakabadhi. Hela alikuwa nayo mkononi. Jirani yake kwenye benchi, mama mmoja wa Kinyakyusa aliyefuata mambo ya mitumbwi yake, akamgawia ndizi za kuchemsha, na mzee akasema "ndaga fijo", yaani asante sana, kwa lafudhi iliyomfurahisha kila mtu. Wageni wengine wasingesubiri. Wangekwenda kuvua bila karatasi, na halmashauri ingekosa hela ambayo mtu alikuwa tayari kuitoa. Vibali vya kuingia hifadhini siku hizi vinalipwa kwa namba ya malipo kwenye simu. Leseni ya mtalii wa fimbo nayo iwe hivyo, ilipwe akiwa bado hotelini Mbeya mjini. Wakati mbasa, samaki wa Nyasa, wanapanda mito ya Songwe, Mbaka na Lufilyo kutaga, na midomo ya mito inawekwa mitego usiku, hela hiyo ingelipia mafuta ya boti ya doria.

Mwaka huu wote walioniomba Zambia kwa Krismasi nimewahamishia Machi, wiki ya pili, njia tunapendelea ya Tunduma asubuhi mapema kabla foleni ya malori haijashika. Wanaong'ang'ania Desemba tunaongea habari za Matema, leseni ya huku tukiishughulikia kabla hawajapanda basi. Unayetaka kuja nitumie picha ya ukurasa wa pasipoti yako wiki mbili kabla, pamoja na wa kila atakayeshika fimbo, watoto wakiwemo. Anayeongeza mtu njiani, mtu huyo atakaa kwenye boti kutazama.