Nyonyo ya asali

Jamani, leo nimeumbuka. Nimempeleka binti yangu, miaka mitatu na miezi miwili, kwa daktari wa meno hapa Dodoma mjini. Akaambiwa ang'ate meno. Akang'ata, na ulimi bado unachungulia! Meno ya mbele ya juu na ya chini hayakutani, pamebaki kitundu chenye umbo lile lile la nyonyo yake ya mpira, ile ya kumtuliza asilie.

"Mama, bado ananyonya nyonyo?" Nikataka kukana. Mtoto akaichomoa kwenye pochi yangu mwenyewe.

Daktari akauliza kama huwa tunaichovya kwenye kitu. Hapo nikaangalia chini. Mama mkwe akija kutoka Singida haji mikono mitupu, anakuja na dumu la asali. Usiku mtoto akilia, nyonyo inachovywa, nyumba kimya. Sasa kwa jino asali ni sukari tu, na tukilala mate hupungua, basi inaganda pale mpaka asubuhi. Vile vidoa vyeupe karibu na ufizi nilidhani ni maziwa, kumbe meno yanaanza kuoza. (Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa.)

Halafu nyonyo ikianguka chini, na vumbi la mtaani kwetu Nkuhungu mnalijua, mimi huisafisha kwa mdomo wangu. Kumbe namgawia vijidudu vya meno yangu mabovu.

Akiiacha sasa, mara nyingi ule uwazi kati ya meno ya juu na ya chini hujifunga wenyewe. Haya, saa nane usiku hii, analia, mama mkwe kaninunia, nyonyo nimeifukia kwenye ndoo ya unga.