Shangazi alitaka kulifunika fuvu la Mkwawa

Shangazi alivua kandambili mlangoni. Hakuna aliyemwambia avue. Aliziweka pembeni, akaingia makumbusho ya Kalenga miguu mitupu, na baridi ya Iringa ya mwezi wa saba tunaijua wenyewe.

Ana miaka sabini na kitu, Mhehe wa kuzaliwa, na hajawahi kufika pale. Kutoka Iringa mjini ni kama kilomita 15 tu. Mimi ni fundi cherehani wa Mlandege, hapa hapa mjini, na nilimwahidi safari hii tangu tulipomaliza matanga ya baba, yaani kaka yake. Jumamosi iliyopita nikafunga kibanda, nikampandisha daladala.

Kijana anayetembeza wageni alieleza vizuri. Alianzia Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, pale jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilipokivamia njiani kikosi cha Zelewski, Mjerumani waliyembatiza jina la Nyundo, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya askari wake. Akaja kwenye mwaka 1894, Wajerumani waliporudi na mizinga wakaibomoa ngome ya Kalenga. Shangazi akadakia kwamba wazee wake walisema mizinga ilipigwa kutoka upande wa Tosamaganga, na ndiyo maana ya lile jina, kutupa mawe. Kijana akakubali. Mkwawa alipigana msituni miaka minne mingine, kichwa chake kikiwa kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000, na tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi Mlambalasi ili wasimkamate hai. Walimkuta amekufa. Wakamkata kichwa.

Shangazi hakusubiri maelezo mengine. Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo chenye fuvu, akapiga goti.

"Kamwene, Mutwa."

Ndivyo tunavyomsalimu mtawala kwa Kihehe. Alikaa pale chini muda mrefu. Kisha akamgeukia kijana: "Na mwili uko wapi, mwanangu?"

"Mlambalasi, bibi. Ni barabara hii hii, ukiipita Kalenga unaendelea mbele."

"Kwa hiyo kichwa kipo huku na mwili upo kule."

"Ndiyo, bibi."

Akavua khanga ya mabegani, akaomba alifunike fuvu, japo kidogo. Kijana alinitazama mimi, mimi nikamtazama yeye. Akamruhusu. Ile khanga nilimpindia mimi mwenyewe, pindo lake nalijua, na kuliona limelala juu ya kioo kile kulinikaba koo. Ilikaa hapo mpaka tuliposikia watoto wa shule wanashuka nje. Shangazi akaitoa bila kuambiwa, akajitanda tena.

Njiani tulibishana. Nilimwambia kichwa hiki kimedaiwa kwa jasho: Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Ni mpaka Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipokwenda mwenyewe Bremen, Ujerumani, kwenye makumbusho yenye mafuvu ya watu kwa mamia, wakatafuta linalofanana kwa vipimo na vichwa vya ndugu za Mkwawa walio hai na lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 akamkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, hapo hapo Kalenga. Nikamwambia, shangazi, wale watoto wa shule wakikuta kaburi tu hawataelewa walitufanyia nini. Lazima waone.

Naamini hivyo mpaka sasa. Lakini yeye alinijibu jambo ambalo sijapata la kulijibu. "Baba yako ulimzika siku ya pili, ukasema umechelewa. Ungekubali watoto wa watu waje kumwangalia ili wasome?"

Nilinyamaza. Na nimezidi kuwaza yale mafuvu mengine ya Bremen, ambayo hayakutajwa kwenye mkataba wowote, na shangazi zao ambao hawakuwa na kioo cha kupigia goti.

Kituoni Kalenga alitaka tupande gari la kwenda mbele, siyo la kurudi mjini. Jua lilikuwa limeshaegemea na magari ya kurudi jioni si ya uhakika, nikamsihi tukajipange vizuri. Alikubali kwa shida. Tulikula mahindi ya kuchoma, tukarudi kimya.

Tunakwenda Mlambalasi mwisho wa mwezi. Amenituma bafta nyeupe mita mbili, atakayoitandika kaburini, na nimeshainunua. Nilitaka kuipitisha kwenye mashine mara moja iishe, lakini amekataa, anasema pindo la kitu hicho halipigwi cherehani. Basi naishona kwa mkono, jioni wateja wakishaondoka. Nimebakiza upande mmoja.