Nauli ya Barnaba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili kuna swali limenikalia kichwani. Liliulizwa kwenye kikao cha mashemasi, na aliyeuliza ni baba ninayemheshimu sana: "Tukichanga, pesa zinamfikia mtoto au zinaishia kwa watu wa boda?" Wengine wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka, maana daftari la matumizi la lile shirika dogo tunalolichangia hapa Kampala, linalowarudisha watoto kwa jamaa zao, lilikuwa mkononi mwangu, na ukurasa niliokuwa nimeufungua ulijaa boda, vocha za simu na basi.

Nimeusoma ukurasa ule tena na tena. Boda, Kisenyi hadi polisi. Sabuni, kandambili za mtoto. Kupiga chapa barua. Boda hadi kwa afisa ustawi wa jamii. Vocha. Kisha mstari huu: basi la kwenda Karamoja, kwenda watu wawili, kurudi mtu mmoja.

Kurudi mtu mmoja! Aliyebaki huko ni mtoto. Alikuwa akiomba barabarani hapa mjini, kama wengi mnaowaona kwenye taa za magari na kuwapita, akitokea Napak, wilaya ya Karamoja. Ili alale kwao tena ilibidi mtu akae naye hadi aseme jina la kijiji, apige simu nyingi, afuate karatasi za serikali kwa sababu mtoto wa watu hasafirishwi kienyeji, kisha apande naye basi safari ya kutwa, amtafute mwenyekiti wa kijiji (LC1), aongee na bibi, aone kama kuna chakula na mahali pa kulala. Na baada ya hapo arudi tena kuangalia kama mtoto bado yupo. Gunia la unga wa posho haliwezi kufanya hata moja kati ya hayo.

Mnaijua habari ya Antiokia. Agabo akasimama akatabiri njaa, ikaja wakati wa Klaudio, na wale wanafunzi, "kila mtu kwa kadiri alivyoweza," wakaazimu kupeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi. Wakaupeleka "kwa mikono ya Barnaba na Sauli" (Matendo 11:28-30). Sisi hupenda kuhubiri sadaka na kuiruka mikono. Kutoka Antiokia hadi Yerusalemu ni mwendo wa mamia ya kilomita. Barnaba alikula nini njiani? Luka hasemi, lakini mkate ule haukudondoka kama mana. Mtu fulani pale Antiokia alitoa sadaka ambayo haikufika kwa mwenye njaa hata punje, na bila hiyo ile nyingine isingefika.

Nami nina sababu ya kulisema hili. Tulipovuka mpaka wa Bunagana kutoka Kongo mwaka 2012, mdogo wangu tulikuwa tumepotezana naye katika umati. Kule kwenye kituo cha wakimbizi cha Nyakabande wengi walikuwa wanagawa vitu, sufuria, blanketi, na Mungu awabariki. Lakini mtu ninayemkumbuka ni mama mmoja aliyekuwa ameketi chini ya turubai na fomu zake. Hakutupa chochote. Aliuliza mtoto amevaa shati la rangi gani, ana kovu wapi, anamwitaje mama yake. Akaandika taratibu, akauliza tena. Mdogo wangu alirudishwa kwetu ndani ya gari, miguu imevimba, akiwa hai. Mafuta ya gari lile yalilipwa na mfadhili ambaye hatutajuana naye upande huu wa mbingu. Sina hakika kama aliona picha yoyote. Naamini aliambiwa tu, "tumetumia fedha kwa usafiri," na labda naye akanung'unika!

Sasa basi, wafadhili wale wa mbali wamepungua. Mliomo katika makambi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali hamhitaji kuambiwa; mwaka 2025 wakimbizi wapatao milioni moja waliondolewa kwenye mgao wa chakula katika nchi hii, na Wakongo wenzetu bado wanavuka tangu mji wa Goma ulipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari mwaka huohuo. Mashirika yamefunga ofisi. Nasi tumezoea kulisema neno "mfadhili" kana kwamba lazima awe mzungu, au angalau mtu mwenye gari. Wapendwa, tulitoa wapi hilo? Makanisa ya Makedonia yalikuwa katika dhiki nyingi na "umaskini wao uliokuwa mwingi," na yakamsihi Paulo wasiachwe nje ya mchango (2 Wakorintho 8). Walisihi! Mama anayeuza nyanya Nsambya ni mfadhili. Kijana wa boda akimbeba mfanyakazi wa shirika bure mara moja kwa juma, huyo ni mfadhili mkubwa, ninyi mtaona siku ile.

Na tutoe kwa mpango. "Siku ya kwanza ya juma kila mtu kwenu na aweke akiba kwake," Paulo anasema. Shilingi elfu mbili ambayo shirika linajua itakuja kila juma inawawezesha kumwambia mama aliyefukuzwa nyumba, "kodi ya miezi hii tutakusaidia, usimpeleke mtoto kwenye makao ya watoto." Maana wengi wa watoto walio kwenye makao wana mzazi au ndugu aliye hai, kilichowatenganisha ni umaskini. Soda na biskuti za Krismasi haziwezi kumzuia mama huyo asimwachie mtu mwanawe.

Hapa nitaongea kama mzee wenu, mnivumilie. Hizi picha tunazopiga, mtoto ameshika kilo ya sukari, kamasi puani, nasi tumejipanga nyuma yake na fulana za kanisa: ziishe. Mtoto yule ana shule ya kwenda na wenzake watamcheka. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue. Sisi tumewaambia hadi binamu wa Australia.

Baba aliyeuliza kuhusu boda, swali lako ni zuri, na Paulo mwenyewe alijihadhari mtu asije akamlaumu kwa habari ya karama ile. Kwa hiyo daftari litakuwa mezani Jumapili baada ya ibada, pamoja na risiti zake. Njooni msome. Bahasha za juma zitakuwa kwa mama mhazini, na mfanyakazi wetu ana safari nyingine mwisho wa mwezi, watoto wawili, kuelekea kambi ya Kyaka. Mwombeeni, na basi lake bado halijalipiwa.