Serikali ilisema mimi ni mzima mpaka Machi

Nianze na ushauri niliopewa, maana mpaka leo ukinijia akilini nasonya. Wa kwanza ulitoka kwa mwenzangu wa kazini: "Usipige simu, watasema unatega kazi. Nenda wakuone kwa macho yao, hapo nani atabisha?" Wa pili ulitoka kwa ami yangu: "Karatasi ya nini? Si wanakujua miaka yote hiyo?" Wa tatu alikuwa kijana mmoja wa hapo forodhani: "Nipe mia tatu, jioni nakuletea cheti na muhuri wake." Wote watatu walikuwa wazima wa afya siku hiyo. Ushauri nilioufuata ni ule wa kwanza, na ndio ulioniaibisha.

Mimi ni mpishi katika hoteli moja ya Shela, makazi yangu Langoni, Lamu mjini. Tarehe 9 Novemba niliamka alfajiri nikashusha miguu kitandani, magoti yakakataa amri. Vidole vilikuwa vimevimba, hata kopo la kutawadhia sikuweza kulishika. Mwili unawaka. Mama watoto aliniangalia mara moja tu, akasema, "Hii ni ile ya 2004."

Mtu wa Lamu akisema "ile ya 2004" haulizwi ni ipi. Mwaka huo homa ya mbu iitwayo chikungunya iliuzunguka mji nyumba kwa nyumba, na damu za watu zilipopimwa baadaye ilionekana kama robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Jina lenyewe ni la Kimakonde, lina maana ya kujikunja, na aliyeugua hahitaji kufasiriwa. Mimi mwaka ule nilikuwa Mombasa kwa mjomba, nikaikwepa. Nilikuwa nikijisifu kwa hilo miaka na miaka.

Basi nikaufuata ushauri wa kwenda kuonekana. Nilitakiwa kazini asubuhi, lakini mpaka saa sita sikuwa naweza kuvaa viatu. Mama watoto akateremka duka la dawa akaniletea panadol, nikameza mbili, nikapumzika kidogo, saa nane nikajikokota mpaka gatini na fimbo ya marehemu babu. Nauli ya boti kwenda Shela kama mia na hamsini hivi. Na risiti ya duka la dawa nimeikunja mfukoni, nikidhani huo ni ushahidi.

Sasa sikilizeni mambo ya Mungu. Boti ilipofika katikati ya mkondo upepo wa bahari ukanipiga, panadol nayo ikaanza kufanya kazi, jasho likanitoka, homa ikashuka yote. Tena maumivu haya yana unafiki wake: asubuhi hujiwezi, ukishatembeatembea viungo vinalegea kidogo. Tulipofika Shela nikateremka majini mwenyewe, suruali nimeipandisha magotini, na fimbo nimeisahau botini. Wale vijana wa ufukweni wakaniamkia, nami kwa mazoea nikawatania. Meneja alikuwa amesimama juu ya ngazi anatazama yote hayo.

"Sabalkheri ya saa tisa," akaniambia. Meneja wetu ni kijana wa bara, Kiswahili chake amejifunzia hapa hapa na hupenda kukitumia kuchoma watu. Nikamweleza naumwa. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Mbona baridi kama samaki wa friza?" Nikatoa ile risiti. Akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. "Hii inathibitisha kwamba umenunua panadol."

Halafu akafanya jambo ambalo sitamsahau nalo. Alifungua faili akatoa cheti changu cha afya, kile ambacho sisi tunaoshika vyakula vya watu hupimwa kila miezi sita ili tukipate. Nilipimwa Septemba. Muhuri unang'aa. Akakiinua mbele ya wahudumu wote wa zamu: "Serikali inasema huyu bwana ni mzima mpaka Machi."

Walicheka, nami nikacheka, ingawa taya pia zilikuwa zinauma. Nikavaa aproni. Kitunguu cha kwanza nilikikata vipande vinne vya kutosha mbuzi, cha pili kisu kikaniponyoka kikaanguka karibu na mguu wa mpishi wetu mkubwa. Yeye ndiye aliyekwenda kusema nirudishwe nyumbani. Meneja akakubali, ila kwa sharti: "Bila karatasi ya daktari, kuanzia kesho ni utoro." Nilimwona katili. Kumbe katika watu wote walionishauri siku hiyo, ni yeye peke yake aliyesema la maana.

Kuna mambo niliyokuja kuyajua baadaye, heri mngeyajua kabla hamjaugua. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inasema mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kwa mwajiri wake ana haki ya siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Lakini haki hiyo imefungwa kwa kamba mbili. Ya kwanza ni cheti kinachosema huwezi kufanya kazi, kimetiwa sahihi na daktari aliyehitimu au mtu anayesimamia zahanati kwa niaba yake. Risiti ya dukani haimo. Barua ya ami haimo. Ya pili watu wengi hawaijui: ili ulipwe kamili, lazima umpashe mwajiri habari, wewe au mtu uliyemtuma, mapema iwezekanavyo, na umweleze sababu. Yaani hata uwe na cheti cha dhahabu, ukinyamaza siku tano ndipo ukatokea nacho, umempa mtu pa kukushikia. Kifungu cha 34 nacho kinamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi mgonjwa anapata dawa zinazofaa, ingawa kina vipengele vyake vya kumwondolea mwajiri wajibu huo. Hicho sikuthubutu kukigusa, nisije nikaonekana nimekuja kudai na panadol.

Jioni ile ile, kutoka gatini sikwenda nyumbani, nilinyoosha hospitali. Foleni tuiache. Daktari akanipima malaria, hakuna, akanikunjakunja vidole mpaka machozi yakanitoka, akaandika: hafai kufanya kazi kwa siku tano kuanzia 9 Novemba. Ugonjwa hakuutaja. Nilimwomba auandike kwa herufi kubwa ili meneja aone haya, akanijibu kwamba mwajiri anahitaji kujua siku, hahitaji kujua damu yangu. Jambo moja tu nililomsisitizia ni tarehe. Alikuwa ameanza kuandika 10 kwa kuwa usiku umeingia, nikamwambia daktari, nimeugua leo na wewe umeniona leo. Akarekebisha, akatia sahihi pembeni ya rekebisho. Ile sahihi ndogo iliniokoa mshahara wa siku nzima.

Saa mbili usiku nikapiga picha cheti nikamtumia meneja kwa WhatsApp. Tiki moja. Saa nne, tiki moja. Nikatuma na ujumbe wa kawaida wa simu. Kimya. Asubuhi nikapata habari kwamba amevuka Manda kupanda ndege ya Nairobi. Hapo ndipo nikamkumbuka askari wetu wa getini.

Askari huyu ni mzee wa Kibajuni, na hana mchezo na kitabu chake cha zamu. Kinachoingia huandikwa, kinachotoka huandikwa. Niliwahi kuona kwa macho yangu ameandika "paka mweupe, saa 5:40, ametoka na samaki". Watu humcheka. Mimi nikamwita mwanangu mkubwa, nikampa nakala ya cheti, nikamwambia: panda boti ya wafanyakazi, usiende ofisini, nenda kwa babu askari, umwamkie vizuri, umwombe aandike kwamba cheti kimefika, kisha mpige picha ukurasa huo. Kijana akarudi na picha safi: tarehe 10 Novemba, saa 1:15 asubuhi, cheti cha daktari cha mpishi, siku tano, kimeletwa na mwanawe, kimepelekwa ofisini. Sahihi ya mzee, na mstari chini yake umepigwa kwa rula! Mimi shule sikufika mbali, lakini hapo nilijiona wakili.

Tarehe 13 magoti bado yalikuwa ya mzee wa miaka tisini. Ami yangu akaniambia cheti kimoja kinatosha, wataelewa wenyewe. Hawaelewi wenyewe. Nilirudi hospitali nikapewa siku tano nyingine, 14 mpaka 18, na mwanangu akapanda boti tena, na mzee akaandika tena.

Yule kijana wa mia tatu? Mwenzetu mmoja wa usafi aliwahi kununua karatasi ya namna hiyo. Meneja akapiga simu kwenye zahanati iliyokuwa kwenye muhuri, akajibiwa kwamba siku iliyoandikwa ilikuwa Idi na wao walikuwa wamefunga. Kughushi ni kosa la jinai, achilia mbali kazi. Mwenzetu sasa anauza maji ya madafu, na biashara si mbaya, lakini hakupanga kuianza wiki ile.

Nimerudi kazini tarehe 19, nakuta barua ya kujieleza. Nimetoroka kazi siku kumi, na zaidi ya hayo nimeonekana barazani Langoni nikinywa kahawa. Hilo la kahawa ni kweli. Na haluwa nilikula. Nilikuwa nimetoka hospitali, magoti yamegoma, baraza ikawa karibu kuliko nyumba. Cheti kinasema sifai kazi, hakisemi nisikae kivulini.

Sheria inasema kabla mtu hajafukuzwa kwa kosa aelezwe kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake aliyemchagua mwenyewe. Hatukuwa tumefika huko, lakini nilimchukua yule mpishi mkubwa mapema. Meneja akasema hakupata habari yoyote. Nikamwonyesha simu yangu, akasema simu yake ilizima Nairobi. Sawa. Nikasema, "Basi tuombe kitabu cha askari." Mzee akaingia nacho mwenyewe kakikumbatia, hakutaka mtu mwingine akishike. Akasoma kwa sauti ya khatibu. Alipomaliza ukurasa wa kwanza aliendelea na wa pili bila kuambiwa, tukajikuta tunasikia na habari za punda walioleta saruji. Meneja akaichukua ile barua, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

Likabaki hesabu, na hapa niacheni nijisifu. Februari punda alinikanyaga mguu hapo njia kuu, nikalala siku nne kwa cheti. Kwa hesabu ya meneja, nne za punda na kumi za homa ni kumi na nne: yaani tatu zilizobaki nilipwe kamili, na saba zote nusu. Nakatwa mshahara wa siku tatu na nusu. Ningekubali, kama si shemeji yangu wa Malindi. Yeye yuko hoteli kubwa yenye wanachama wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, na mkataba wao una siku nyingi kuliko zetu, jambo ambalo hachoki kulitaja. Usiku nikampigia, akaniuliza swali moja: "Shemeji, wewe uliajiriwa tarehe ngapi?"

Niliajiriwa 14 Novemba. Ile miezi 12 ya kifungu cha 30 huanza kuhesabiwa siku uliyoajiriwa, na kila mwaka tarehe hiyo ikirudi unaanza upya. Homa yangu ililala katikati ya miaka miwili! Tarehe 9, 10 na 11 zinamalizia saba za mwaka wa zamani. Tarehe 12 na 13 ni nusu. Kuanzia 14, mwaka mpya, siku saba mpya kabisa, na mimi nilitumia tano tu. Nusu mbili ni siku moja. Nakatwa siku moja. (Kama ofu yangu ya wiki ihesabiwe ndani au nje, tulibishana kidogo, nikamwachia. Usimalize samaki wote kwa mtego mmoja.)

Meneja alichukua kalamu, akachora mistari, akahesabu kwa vidole, akampigia mhasibu. Mwisho wa mwezi karatasi ya mshahara ikaja: siku moja. Kilichookoka ni kama elfu mbili na kitu, na nusu yake iliishia kwenye nauli za mwanangu na kilo ya haluwa niliyompelekea mzee askari, ambayo aliiandika kitabuni.

Wiki iliyofuata tangazo likabandikwa jikoni: kuanzia sasa, mwaka wa likizo ya ugonjwa kwa wafanyakazi wote utahesabiwa kutoka 1 Januari. Sheria inamruhusu mwajiri kufanya hivyo, nimeangalia. Wenzangu wananitazama kwa jicho la upande. Na meneja, kwa makusudi yake, amelibandika ukutani sambamba na kile cheti changu cha Septemba.